Sifa za Amplifaya Mbovu

Amplifaya nzima haina habari. Huwashwa, hupigiwa, huzimwa, na hakuna anayekumbuka hata rangi yake. Yangu ya besi ni mbovu, iko sebuleni imevuliwa mfuniko, na tangu iharibike hakuna chombo humu ndani kinachochunguliwa, kunuswa, kugongwa na kusemwa kama hiyo. Mke wangu huitaja kila siku, ingawa si kwa jina la kuandikwa hapa.

Kwanza, inaimba bila kupigwa. Umeme wetu wa Afrika Mashariki hutetema mara 50 kwa sekunde, na waya wa ethi usiposhika vizuri, muungurumo unaovuja kwenye spika hubeba idadi hiyo hiyo. Sasa bana freti ya tatu ya uzi mnene wa besi: hiyo ni G, mitetemo 49. Yaani nimepata G iliyopanda kidogo tu, usiku kucha, bila posho wala bia. Mpiga besi gani mwingine ana nidhamu hiyo? Wamarekani, ambao umeme wao ni wa 60, muungurumo wao umeangukia katikati ya noti mbili, nawaonea huruma. Na kapasita za kuchuja umeme zikichoka, muungurumo wetu hupanda hadi 100, oktava nzima juu, kwa kuwa daiodi huyafanya mapigo kuwa maradufu. Hapo mtu ana kwaya.

Pili, ina haya. Nyumbani hukohoa na kukata sauti. Mbele ya fundi inanguruma safi kabisa, fundi akamtazama mwenye mali badala ya mali. Kisa chake ni bidii: amplifaya iliyo kasha moja na spika hujitikisa kwa sauti yake yenyewe, mpaka lehemu zinapata ufa mwembamba usioonekana kwa urahisi. Dawa ni kuiwasha na kugonga vifaa kimoja kimoja kwa kijiti kikavu cha mshikaki, ukisikiliza kipi kinalalamika. Na kijiti hakipatikani kabla mshikaki haujaliwa. Nitajieni ufundi mwingine unaoanza hivyo.

Ukarimu wake nao unatisha. Hata ikichomolewa ukutani, kapasita huweka akiba. Zile za amplifaya za valvu hushika volti 400 na zaidi. Anayepeleka kidole kabla ya kuzimaliza umeme kwa rezista hupewa akiba yote kwa mkupuo, na pengine hatahitaji nyingine. Na kwa kuhofia shoti, wenye busara huunganisha balbu ya zamani, ya waya wa ndani, kwenye njia ya umeme kabla ya kuwasha. Ikiwaka kidogo na kufifia, salama. Iking'aa na kubaki iking'aa, mna shoti, lakini angalau sebule imepata taa.

Wanaoidharau hawajui historia. Mjini Nashville, besi ya nyuzi sita ya mpigaji Grady Martin ilipita kwenye chaneli mbovu ya mitambo ya studio wakati wa kurekodi “Don't Worry” ya mwimbaji Marty Robbins. Ikatoka imekwaruzika vibaya. Hawakuifuta, wimbo ukavuma mwaka 1961, na mhandisi Glenn Snoddy akaketi kuunda kifaa cha kuleta ubovu ule kwa makusudi. Mwaka 1962 kiliingia sokoni kwa jina la Maestro Fuzz-Tone. Tangu hapo watu wanatoa fedha kununua kinachonifikia bure, na mimi ndiye ninayeambiwa nina kelele!

Jirani kauliza jana, kwa adabu ya mtu asiyelala, kama imekaribia kupona. Nikamwambia ukweli: ufa nimeshauona, uko kwenye mguu mmoja wa transfoma, na kuulehemu hakumalizi hata kikombe cha chai. Nitaulehemu wiki ijayo. Mishikaki bado ipo.