Namna ya Kuachana na Pampasi Bila Kuachana Nazo

Umeamua kumhamisha mtoto kutoka kwenye pampasi kwenda kwenye nepi za kitambaa. Hongera. Kwamba uamuzi wenyewe umekujia tarehe 19, mshahara ukiwa umeshakata roho na Mangi wa dukani anakuuzia pampasi mojamoja huku akikutazama kwa huruma, hiyo ibaki kati yetu. Watu wakiuliza, sema ni mazingira. Haya, nifuate.

1. Tangaza kwanza, fua baadaye

Sifa za nepi hutolewa kabla nepi haijalowa, kwa hiyo wahi. Chagua wa kuwatangazia. Usianze na mama mkwe: yeye alilea watoto sita kwa vipande vya kanga chakavu na maji ya kuteka kisimani, ushujaa wako atausikiliza huku anachambua mchicha. Anza na wenzako wa ofisini.

Wape la kutafuna. Waambie Kenya ilipiga marufuku mifuko ya plastiki Agosti 2017, na sisi Tanzania tukafuata tarehe 1 Juni 2019. Lakini pampasi, yenye plastiki nje na punje za plastiki ndani za kunyonya mkojo, inapita mbele ya mgambo bila hata kuulizwa inakwenda wapi. Likimalizika hilo, shusha pumzi.

Akitokea mjuaji wa kukukumbusha kwamba mwaka 2008 idara ya mazingira ya Uingereza ilipiga hesabu ikakuta pampasi za mtoto mmoja kwa miaka miwili na nusu zinaleta kama kilo 550 za hewa ukaa, na nepi kama kilo 570, usibabaike. Tabu ya nepi za Waingereza ilikuwa kwenye maji ya moto na mashine ya kukaushia. Wewe una beseni na jua la Dar es Salaam, umeshawapita kabla hujanyanyua kidole. Hapo badilisha mazungumzo haraka, asije akauliza nani anafua.

2. Nunua chache, ziwe na tembo

Mtoto mchanga huchafua nepi nane hadi kumi na mbili kwa siku. Anayetaka kuhama kikweli anahitaji ishirini na kitu, ili nyingine zikiwa kwenye kamba, nyingine ziwe kwenye makalio. Wewe nunua sita. Chukua zile za kisasa zenye mfuko ndani, vifungo vya kubonyeza na picha za tembo, kwa kuwa zikianikwa kwa mstari hupendeza mno pichani. Taulo za mraba za kufunga kwa pini na chupi ya plastiki juu yake zinafanya kazi ileile kwa bei ya chini, na kanga iliyochakaa ni laini kuliko zote na haina bei kabisa, lakini umeona nani amepiga picha kanga iliyochakaa?

Moja tu lifanye kwa uaminifu: kile kitambaa cha nyuzi za plastiki kinachochomekwa mfukoni kisiguse ngozi ya mtoto. Kinanyonya mpaka unyevu wa ngozi yenyewe.

3. Ruka kufua mara ya kwanza

Pamba mpya hutoka dukani na mafuta yake ya asili, maji huteleza juu yake. Inabidi ifuliwe mara kadhaa ndipo ijue kunyonya. Ukiruka hatua hii, nepi ya kwanza itavuja, hilo halina mjadala. Ulicho na uhuru nacho ni kuchagua mapaja ya nani. Napendekeza yule shemeji aliyesema mtoto hafanani na baba yake.

4. Loweka

Hapa ndipo ufundi ulipo, tulia unisikilize. Beseni lililofunikwa kwa sinia huhesabiwa kuwa kazi inayoendelea. Ukiulizwa, jibu "Zimelowekwa," na usiseme tangu lini. Siku ya pili ukifunua utakutana na harufu ya kuchoma macho. Mkojo umegeuka amonia, na sasa una njia tatu za mkato.

Ya kwanza ni kumwaga dawa ya kulainisha nguo, ile yenye harufu ya maua. Harufu itakubali. Nepi nayo itavaa utando na kukataa kunyonya, utakuwa umemvisha mtoto mwavuli. Ya pili ni jiki kwa wingi: weupe utapata, ila lastiki za mapajani zitaliwa mpaka zilegee na kila kitu kitapita pembeni. Ya tatu ni kumpaka mtoto mafuta ya mgando kwa kiganja kizima ili asipate vipele. Mafuta hayo huhamia kwenye nepi na kuziba kama ile dawa ya maua. Fanya zote tatu kwa mwezi mmoja, kisha tamka kwa masikitiko kwamba nepi za siku hizi hazina ubora. Watu wataitikia, wao pia walifanya hivyohivyo.

Kusuuza kwa maji mengi kungemaliza yote haya, lakini maji yenyewe ni ya mgawo na simtanki lina wenyewe.

Sasa suala la nani. Miezi sita ya mwanzo, mtoto anayenyonya ziwa tupu choo chake huondoka na maji, na kila mtu nyumbani ni mwanamazingira. Ukiingia uji wa lishe, halafu viazi, halafu maharage, utashangaa baba anavyopata vikao vya jioni. Nepi itabaki kwa dada wa kazi. Ukipiga hesabu ya fedha ulizookoa, usiiweke mikono yake humo, wala saa anazoinama bafuni, wala mshahara ambao haukuongezwa hata shilingi tangu siku ulipotangaza. Ukiviweka, akiba inapotea mbele ya macho yako, na hakuna aliyekuja hapa kwa ajili hiyo.

5. Anika, na hapa usifanye mchezo

Yuko inzi anayetaga mayai kwenye nguo mbichi zilizoanikwa kivulini au kwenye majani, na panaponuka mkojo ndipo anapopapenda. Buu akitoka huingia ngozini na kujijengea jipu. Bibi zetu walipiga nepi pasi ya mkaa pande zote mbili, na haikuwa kwa ajili ya urembo. Kwa hiyo anika juani, zikauke kabisa, na zile za pamba zipige pasi. Zenye plastiki usithubutu kuziwekea pasi, utabaki na tembo aliyeyeyuka.

Masika ikifika, sambaza nepi kwenye viti vya sebuleni. Wageni hupungua sana.

6. Weka akiba ya siri

Pampasi haziishi nyumbani kwa mwanamazingira. Zinahifadhiwa tu, nyuma ya gunia la mchele. Ni za usiku, maana usiku hakuna anayeona. Ni za safari ya basi kwenda Moshi, ibada, harusi, kliniki, siku za mvua, siku dada anapokwenda kwao, na pale mtoto anapoharisha. Ukishatoa hizo zote unabaki na Jumanne asubuhi, na Jumanne asubuhi usilegeze kamba: kitambaa tu.

Shahidi wako pekee ni mzoa taka. Anajua kilichomo kwenye kiroba chako kuliko mumeo. Msalimie kwa jina, mpe ya soda.

7. Kwa mwenye tamaa ya kuwapita wote

Mwaka 1977 jarida la madaktari wa watoto la Marekani, Pediatrics, lilichapisha utafiti kuhusu namna Wadigo wa pwani yetu walivyowafundisha watoto kujisaidia. Mama anaanza mtoto akiwa na wiki chache tu: anakaa chini, miguu ameinyoosha, mtoto katikati yake akitazama mbele, na mama anatoa sauti ya "shuu". Mtoto akikojoa anabembelezwa na kunyonyeshwa. Akifika miezi mitano au sita, mchana na usiku, kwa sehemu kubwa ni mkavu. Hakuna pampasi, hakuna nepi, hakuna beseni chini ya sinia.

Ubaya wa njia hii ni kwamba inataka mtu mzima amwangalie mtoto kutwa, simu ikiwa mbali, na mwisho wa siku hakuna cha kuanika wala cha kupiga picha. Ukitaka kujaribu, jaribu asubuhi akishanyonya, na uvae kanga usiyoipenda.