Honda ya Mzee na Kikao cha Spika

Msomaji mwenzangu uliyeoa kwenye nyumba yenye stoo, wewe sina haja ya kukueleza sana. Stoo ya ukweni haifunguliwi hivi hivi. Hapa kwetu Muheza, tunakoishi na mama mkwe tangu Mzee alipotangulia mbele ya haki, hata kutoa pangaboi bovu kulihitaji vikao, sembuse pikipiki.

Pikipiki yenyewe ni Honda CG125 nyekundu. Mzee alikuwa bwana shamba, na ndiyo aliyoipanda kwenda kukagua michungwa ya watu. Ndiyo iliyompandisha mlima hadi Amani kwenye iliki na karafuu, barabara ambayo masika yakishika, hata gari la magurudumu manne dereva wake huvuta uradi. Alipostaafu akauziwa, akaipanda mpaka miguu ilipokataa, kisha akaifunika turubai akasema ipumzike. Ikapumzika hadi mwenyewe akaondoka.

Kabla sijaendelea, uwajue watu wa nyumba hii. Mama mkwe wajukuu wamembatiza jina la Spika, naye analijua na halimkeri, kwa kuwa hapa hakuna anayezungumza kabla hajapewa nafasi. Shemeji yangu, kitinda mimba wa nyumba, ni Injinia. Jina alilipata siku alipofungua redio ya Mzee. Redio ikabaki vipande, jina likabaki zima. Mwanangu mdogo ni Kwanini, na sababu utaiona. Mke wangu, Mama Rehema, hana jina la utani. Hakuna aliyethubutu.

Vita vilianza pale Injinia alipoleta wanunuzi wa chuma chakavu uani, wamekuja na mizani yao. Alitaka Honda iuzwe kwa kilo. Mimi nikasema haiuzwi, na naomba unielewe kwa nini.

CG125 si chuma cha kupimwa kwa mizani. Honda waliitoa mwaka 1976, na waliiunda kwa ajili ya nchi za namna yetu. Wahandisi wao walikuwa wameona kwamba pikipiki zenye kamshafti juu ya injini, zikifika mahali ambapo watu hupakia mizigo kupita kiasi na oili haibadilishwi kwa wakati, hufa mapema. Basi wakaishusha kamshafti chini, valvu zikawa zinasukumwa kwa vijiti, na cheni wakaifungia ndani ya boksi la bati isile vumbi. Injini ikawa ngumu kufa. Pakistan wanaitengeneza hadi leo. Wachina nao waliiga injini hiyo hiyo, na bodaboda nyingi zinazokupita barabarani zimezaliwa humo. Sasa mtu unauzaje kwa kilo babu wa bodaboda?

Spika alisikiliza pande zote mbili, akafunga kikao: pikipiki haiuzwi, na itengenezwe. Ufunguo wake wa kuwashia, akasema, anao yeye. Akatuonyesha pindo la kanga yake, fundo dogo gumu, ufunguo umo ndani. Kumbe siku zote hizo alikuwa akiuhamisha kutoka kanga moja hadi nyingine.

Nikaingia stoo nikiwa na spana mkononi. Kikwazo cha kwanza kilikuwa kuku.

Mtetea wa kienyeji, kipenzi cha Spika, alikuwa ameatamia juu ya siti, pale turubai lilipobonyea. Nilipomsogelea akavimba manyoya na kunitazama kwa jicho moja. Nikapeleka taarifa barazani.

"Baba Rehema," Spika akaniambia kwa upole kabisa, "kuku akiatamia hasumbuliwi. Pikipiki imengoja miaka yote hiyo, itashindwa kungoja vifaranga?"

Mkwe huwezi kumjibu, na hata kama ungeweza, ungesema nini? Mayai ya kuku hutaka siku 21, na mkato hakuna. Spana zikarudi kwenye boksi. Kwanini akajipa kazi ya kutuletea habari kila asubuhi. Baba, kwa nini hatoki kwenda kula? Baba, kwa nini anayageuza mayai? Baba, kwa nini hakuatamia kwenye tenga? Hili la mwisho nililipeleka kwa Spika, naye akajibu kwamba kuku ana akili, alichagua mahali anapojua hapatasogezwa.

Vifaranga vilipoanguliwa, tuliikokota Honda uani, matairi bapa, mtetea akitufuata kwa kelele. Mama Rehema alisimama mlangoni akaitazama. Akapitisha kidole juu ya tangi, akakikuta chekundu, nusu rangi na nusu kutu. "Hapa ndipo nilipokuwa nakaa," akasema, "mbele ya baba, nimeshika hapa." Kisha akarudi jikoni. Tangu hapo kazi ile kwangu ikawa na uzito mwingine.

Nikuelekeze nilivyoanza, maana wengi huikimbilia kiki na kuikanyaga kwa nguvu, wakararua ringi zilizogandia silindani. Injini iliyolala haiamshwi kwa teke. Fungua plagi, tia oili kijiko kimoja kupitia tundu lake, iache ilale usiku kucha. Kesho yake weka gia ya juu, sukuma gurudumu la nyuma kwa mkono, taratibu. Pistoni ilipokubali kusogea, nilisikia hewa ikitoka kwenye tundu la plagi kwa mlio wa "fuu", nikamwita kila mtu aje asikilize. Alikuja Kwanini peke yake.

Kabureta ndiyo iliyokuwa na hali mbaya zaidi. Nilipofungua bakuli lake la chini, petroli haikuwa petroli tena. Ilikuwa gundi ya kahawia iliyoshika kuta, na harufu yake ilikuwa ya rangi ya milango. Ile jeti, kitobo chake chembamba kuliko sindano ya cherehani, ilizibwa kabisa. Injinia alishaleta kipande cha waya. Nikamzuia, kwa sababu waya wa chuma hukipanua kitobo, na kikipanuka hata kidogo pikipiki hunywa mafuta na kukohoa moshi mweusi. Tuliiloweka kwenye petroli safi, tukaizibua kwa mshipi wa kuvulia samaki, tukaishika juani mpaka tukaona nukta ya mwanga imepenya. Nimetazama mambo mengi mazuri, lakini nukta ile ya mwanga niliifurahia kweli.

Sasa tuje kwenye tangi, ambalo lilituletea balaa.

Ndani lilijaa kutu. Spika alitoa dawa yake: ukwaju. Masinia ya shaba ya nyumba hii yamesuguliwa kwa ukwaju tangu enzi za mama yake, na asidi ile ile huila kutu ya chuma. Nilikubali bila ubishi, maana ni kweli. Ila ilikuwa Ramadhani, na Ramadhani kwetu haina futari bila juisi ya ukwaju. Kwa hiyo jikoni kulikuwa na ndoo mbili: moja ya ukwaju mtupu wa tangi, nyingine ya juisi, imeshatiwa sukari na tangawizi, inangoja magharibi. Mama Rehema alizifunika zote kwa sahani zinazofanana.

Unaona tunakoelekea. Injinia alitumwa ndoo. Akabeba aliyoikuta karibu, akaimimina yote tangini, akatia na kokoto za kusugulia, akaziba, akalitikisa kwa bidii ambayo sijapata kumwona nayo. Adhana ilipolia, Spika akafungua ndoo iliyobaki, akamimina glasi, akapiga funda la kwanza la kufungulia. Ukwaju mtupu, mchachu wa kuondoa kutu. Alifumba macho, akaitua glasi polepole, akasema, "Injinia." Nyumba nzima ikanyamaza.

Usiku ule sisimizi walipata habari. Asubuhi tulikuta mstari umetoka ukutani, umevuka ua, umepanda juu ya tangi na kuingia mdomoni mwake. Kwanini akauliza kwa nini sisimizi wanapenda petroli. Injinia alitaka tangi litupwe, akidai injini iliyowahi kuguswa na sukari ndiyo basi. Hapana. Sukari haiyeyuki kwenye petroli, hukaa chembechembe ikaziba chujio. Lakini kwenye maji ya moto huyeyuka na kwisha. Tulisuuza kwa maji ya moto mpaka yakatoka hayana utamu, na aliyepewa kazi ya kuonja, usiku baada ya futari, alikuwa Injinia, kwa amri ya Spika. Tukarudia na ukwaju sahihi, tukamalizia kwa maji ya magadi ili asidi isibaki ikila bati, tukalianika. Ndani likang'aa. Magadi hayo yalikuwa ya kupikia kunde, na kwa hilo Mama Rehema alininunia siku nzima.

Yaliyobaki yalikwenda upesi. Platini nilizisugua kwa msasa laini na kuzirudishia nafasi yake, milimita 0.3 hadi 0.4. Hizi CG za zamani moto wa plagi unatoka kwenye magneto, kwa hiyo betri kufa hakukunizuia. Plagi mpya, oili mpya, tyubu mpya. Gasketi nilipata dukani kwenye kipakiti kilichoandikwa CG, kimeletwa kwa ajili ya bodaboda. Wajukuu wamemlea babu yao.

Tuliiwasha karibu na magharibi, kwa sababu Spika alilifungua lile fundo la ufunguo saa aliyoitaka yeye. Mkeka wa futari ulikuwa umeshatandikwa: mihogo ya nazi, kalimati, uji wa pilipili manga. Nikavuta choki, nikapiga kiki. Kimya. Nikapiga tena, ikakohoa. Nikaendelea. Ghafla ikapasua mlio, eksozi ikatema bonge la udongo, kiota cha nyigu kilichokaukia ndani, na nyuma yake ukatoka moshi wa ile oili ya silindani, wa buluu, mzito, ukaenda moja kwa moja mkekani. Kuku wakaruka ukuta. Majirani wakaja wakidhani nyumba inaungua. Spika alijitanda kanga puani, akaweka kiganja juu ya bakuli la uji, lakini hakusema izimwe.

Mama Rehema akatoka jikoni, mikono ina unga. Akaniambia, "Shuka." Nikashuka. Akapanda, akabana klachi, akaingiza gia kwa mguu bila kutazama, akatoka getini. Tuliisikia ikizunguka uwanja wa msikiti, ikipanda gia, ikirudi. Nimeishi na mwanamke huyu miaka na watoto tumezaa, sikujua kama anaendesha. Spika, naye macho yake getini, akasema Mzee alimfundisha kila Jumapili, akamkataza asitangaze.

Basi umiliki uliamuliwa pale pale na mimi sikuulizwa. Jumamosi Mama Rehema humpakia mama yake kwenda sokoni, kila mmoja na kofia yake ngumu, ya Spika ikikaa juu ya ushungi. Mimi nabaki na watoto. Nabadilisha oili, nakaza cheni, na nikiomba safari nakumbushwa kuwa bodaboda zipo.

Kinachotukwamisha ni kimoja. Umeme wake ni wa volti 6, na balbu ya taa ya mbele imeungua. Za volti 12 zimejaa madukani, hii imetupiga chenga Muheza nzima, na Mama Rehema anataka kuanza kuendesha usiku. Ewe mwenye Honda ya zamani stoo, ukiwa na balbu hiyo tafadhali usiitupe. Taja bei, nitapanda hata basi kuifuata.