Sifa za Pengo la Herufi Mbili

Sisi wa Suna, kaunti ya Migori, tumezoea kugawanywa. Tangu uchaguzi wa 2013 kuna Suna Mashariki na Suna Magharibi, kila upande na mbunge wake, na wake kwa waume tunaishi. Kwa hiyo nani kama sisi wa kuwapongeza wataalamu wa vinasaba, walioweza kulipeleka pengo moja kushoto na kulia kwa mpigo?

Tuseme kimelea cha malaria kimetolewa katika damu ya mgonjwa hapa Migori. Jenomu ya Plasmodium falciparum ina herufi za DNA zipatazo milioni 23, na kama 80 katika kila 100 ni A au T, ndiyo maana imejaa vipande vya aina ya GATATATC. Cha mgonjwa wetu kinasomeka GATATC. AT moja imetoweka. Ipi? Futa herufi ya 2 na ya 3, futa ya 6 na ya 7, futa hata TA ya 3 na ya 4: kinachobaki ni kilekile. Njia ni 5, chagua mwenyewe. Ukarimu ulioje!

Faili ya VCF, inayoorodhesha mabadiliko ya jenomu, haipendi nafasi tupu, basi jirani wa kushoto huburutwa kutoa ushahidi: nafasi ya 1, GAT imekuwa G. Hiyo G haikupoteza kitu, lakini anwani inayoandikwa ni yake. Desturi ya VCF ni kulisukuma pengo kushoto mpaka ligote. Wenzao wa HGVS, ambao kanuni zao hutumika katika ripoti za wagonjwa, hulisukuma kulia mpaka ligote: herufi ya 6 na ya 7. Wote wana nidhamu ya hali ya juu. Hawakutani tu.

Matunda yake ni matamu. Maabara moja ikisukuma na nyingine isisukume, kompyuta, inayolinganisha mstari kwa mstari, hutangaza mabadiliko mawili katika damu ileile. Jedwali linanenepa. Mwanafunzi anapata sura nzima ya tasnifu.

Wenye husuda hawakosekani. Mwaka 2015 Adrian Tan, Gonçalo Abecasis na Hyun Min Kang walichapisha namna ya kuliandika kila badiliko kwa sura moja tu, na siku hizi amri fupi ya kompyuta, bcftools norm, huimaliza kazi hiyo kabla chai haijapoa. Mistari miwili inakuwa mmoja, na hakuna anayejali ile sura ya tasnifu itajazwa nini.