Sifa Zake Mdudu wa Mwanza

Mashujaa wetu tumezoea kuwasifu wakishakufa. Huyu nitamsifu angali hai, maana dalili zote zinaonyesha hana mpango wa kufa. Jina lake kamili ni Enterobacter bugandensis. Ni bakteria. Alitambulishwa rasmi kwa ulimwengu mwaka 2016, baada ya kupatikana katika damu ya vichanga waliougua katika Hospitali ya Bugando, Mwanza, ndipo akapewa jina la hospitali hiyo. Wino wa cheti chake cha kuzaliwa haujakauka vizuri, mwaka 2018 ikatangazwa kwamba sampuli zilizochukuliwa mwaka 2015 katika Kituo cha Kimataifa cha Anga za Juu, kilometa 400 hivi juu ya vichwa vyetu, zilikuwa na ndugu zake. Walikutwa chooni, na kwenye mashine ya mazoezi.

Hakuna Mtanzania aliyewahi kuishi katika kituo kile. Tumewakilishwa na mdudu, na mdudu amechagua choo.

Najua mjuaji hatakosekana. Atasema hakupandia roketi Mwanza. Kwamba ukoo wake umetapakaa na umeonekana hata katika hospitali za Marekani. Kwamba aliyembeba huenda ni mwanaanga mwenyewe, tumboni au kwenye ngozi. Yote kweli. Lakini mtu kwao ni pale kilipozikwa kitovu chake, na cha huyu kimezikwa Mwanza.

Sifa yake kuu ni usafiri. Tazama wenzake wanavyosumbuka kufika huko! Mwanaanga husoma miaka na miaka, hupimwa moyo, macho na meno, kisha hutengwa wiki mbili kabla ya kuruka asije akakoholewa na mtoto wake mwenyewe. Utaratibu huo haukuzuka tu. Mwaka 1968 wanaanga wa Apollo 7 walishikwa na mafua huko huko juu, wakanuna, wakabishana na wakuu wao waliobaki duniani, na siku ya kurudi wakakataa kuvaa kofia. Mwaka 1970 Ken Mattingly aliondolewa kwenye Apollo 13 siku chache kabla ya safari kwa sababu alikaa karibu na mgonjwa wa rubela. Hakuugua kamwe. Aliyeugua ni Fred Haise, mzima wa afya aliyeruhusiwa kwenda: alipata maambukizi ya njia ya mkojo. Nauli nayo usiiulize. Kuna miaka Wamarekani waliwalipa Warusi zaidi ya dola milioni 70 kwa kiti kimoja cha chombo chao, Soyuz.

Huyu wetu hakulipa hata senti ya mzigo. Hakudaiwa taarifa ya benki, barua ya mwajiri, hati ya kiwanja wala ushahidi kwamba ana nia ya kurejea nyumbani. Mimi nilidaiwa vyote hivyo kwa ajili ya semina fupi tu, nikavipeleka, nikanyimwa viza. Yeye amevuka mipaka yote iliyochorwa na binadamu, na sasa anaizunguka dunia mara 16 kwa siku.

Na mapokezi aliyoyakuta huko si ya kirafiki. Hewa yote inapita kwenye vichujio. Maji ya kunywa upande wa Wamarekani hutiwa iodini, upande wa Warusi hutiwa fedha, madini yenyewe. Kila Jumamosi wanaanga huacha sayansi, wakashika vitambaa vya dawa na kifyonza vumbi na kusafisha kuta. Vijidudu hujibu kwa kujivika utando wa ute, ambao umewahi kuziba mabomba ya mtambo wa kusafishia maji taka. Wazee wao, ukungu wa Mir, kituo cha anga cha Warusi, walipewa miaka 15 tu, kuanzia 1986 hadi 2001, wakaitumia kuota hadi kwenye dirisha.

Sifa nyingine nazipitia haraka: hana makuu, habagui rika, na dawa hazimtishi.

Hiyo ya dawa naithibitisha mimi. Baada ya kufanyiwa upasuaji wa kidole tumbo, kidonda changu kiligoma kufunga, na karatasi ya maabara ikaja na jina la ukoo, Enterobacter, na chini yake safu ndefu ya herufi R: sugu, sugu, sugu. Dawa iliyobaki ilikuwa ya sindano, tena ya bei ya mbuzi. Juu ya sinki la wodi palikuwa na bango la rangi linalotuhimiza kunawa mikono. Bomba lilikuwa kavu. Maji aliyaleta shangazi kwa dumu. Boksi la glavu lilifungiwa kabatini, ufunguo alikuwa nao mkuu wa wodi, na mkuu wa wodi alikuwa kwenye semina ya kudhibiti maambukizi.

Hapo kicheko kinanikauka. Kule juu watu saba wenye afya ya chuma wanapangusiwa choo, na kilichopatikana kinasomwa jeni kwa jeni. Mwaka 2024 NASA ilieleza habari za aina 13 za mdudu huyu zilizokusanywa kituoni, na namna zilivyobadilika zikatofautiana na za duniani. Ni kazi nzuri, nami siwaonei kijicho. Lakini kichanga wa kilo moja na nusu, sinki la wodi yake linapimwa lini? Na sisi raia tusijifiche: asubuhi mtu anahisi ana UTI, mchana yuko duka la dawa ananunua vidonge vya antibiotiki vya rangi mbili, nusu dozi, jioni kapona, na vilivyobaki anamgawia jirani. Muuzaji hamwulizi cheti cha daktari. Halafu tunamshangaa mdudu kwa usugu wake.

Nilipouliza habari za bomba nikajibiwa kwamba ombi limeshapelekwa, linasubiri bajeti. Basi naomba ombi hilo libadilishwe kichwa cha habari: sinki lile lisajiliwe kama chombo cha anga. Litapanguswa kila Jumamosi, litachukuliwa sampuli, litaandikiwa makala, na huenda hata maji yakatoka. Glavu zikae tu kabatini mpaka mkuu wa wodi arudi kutoka semina.