Simba Aliyemeza Simba

Ukitaka kujua duka la fundi wa nguo lina vitu vidogo vingapi, lete mtoto wa mbwa. Mimi nashona sare za shule na vitenge hapa Machakos mjini, karibu na Marikiti, na miaka yote nimejiona mtu msafi kwa kuwa sakafu inafagiwa asubuhi na jioni. Simba alipokuja, vilianza kutokea vifungo vilivyolala nyuma ya miguu ya meza tangu enzi za cherehani ya kukanyaga. Havikutokea kwa kufagiwa. Vilitokea vikitafunwa.

Alitoka Kathiani kwa mjomba, ndani ya kiondo. Kazi aliyoletewa ni kulinda duka usiku, maana mji huu una watu ambao kufuli kwao ni mzaha. Tulipofika stendi alikuwa ameshakata mshipi wa kiondo na kumeza sehemu ya mkonge. Mjomba alipopigiwa simu akasema hiyo ni dalili ya mbwa mkali. Mjomba husema hivyo juu ya kila mbwa anayetaka aondoke kwake.

Mama mkwe aliposikia nataka kumfunza mbwa asimeze vitu, alicheka mpaka akatafuta pa kukaa. Kwao mbwa hupewa ukoko wa ugali, analala nje, anabweka, basi. "Mbwa wetu walimeza walichotaka na hatukusikia neno," akaniambia. Ni kweli, neno halikusikika. Ila pia sikumbuki kuona mbwa mzee pale bomani. Philip Kitala na wenzake waliwahi kuchunguza maisha ya mbwa wa wilaya ya Machakos, wakitafuta njia ya kudhibiti kichaa cha mbwa, na mwaka 2001 wakachapisha waliyoyaona: mbwa wa huku, kwa wastani, hakuwa akifikisha miaka minne. Sisemi wote waliuawa na vifungo. Nasema tu mama mkwe asiwaite hao mbwa kuwa mashahidi wake.

Mtoto wa mbwa hana mikono. Analotaka kujua kuhusu dunia analiuliza kwa mdomo. Isitoshe, ana meno 28 ya utotoni, ambayo akikaribia miezi minne huanza kung'oka kupisha 42 ya ukubwani, na shughuli hiyo humsumbua hadi miezi sita au saba. Fizi zinawasha, na kitu chochote kigumu ni dawa. Dawa za Simba zilikuwa chaki, bobini, vichwa vya zipu, na futi yangu ya kupimia, ambayo aliila kuanzia mwisho. Kwa muda ikabidi wateja wenye miili wapimwe kwa awamu mbili, na mmoja alikasirika akashonesha kwingine.

Kisha ikaja shilingi kumi. Katiba ya 2010 ilikataza sura ya mtu kwenye pesa za Kenya, hivyo sarafu zilizotolewa Desemba 2018 zikapewa wanyama: twiga kwenye shilingi moja, kifaru kwenye tano, simba kwenye kumi, ndovu kwenye ishirini. Nilikuwa namrudishia mteja chenji, sarafu ikadondoka, na Simba akamdaka simba. Kijana wangu akamkimbiza kuzunguka meza. Mteja akaingia mbioni, maana pesa ilikuwa yake. Simba alipoona umati unamjia, alifanya anachofanya mwenye mali yeyote akivamiwa: akaiweka mahali salama. Tulisikia kabisa ikishuka.

Daktari wa mifugo alikuja kwa pikipiki, gambuti zake zina matope ya Mua. Kazi yake ni ng'ombe, na akiitwa kwa mbwa hufurahi kwa sababu mbwa hapigi teke. Alimbonyeza Simba tumbo, akamtazama fizi, akauliza kama anatapika. Hatapiki, nikamwambia, tena ameshaomba chakula mara mbili tangu uingie. Basi tungoje, akasema. Akianza kutapika au kukataa chakula, mpakieni haraka mwende hospitali ya wanyama ya Chuo Kikuu cha Nairobi kule Kabete, apigwe picha. Halafu akatufariji kwa namna yake: afadhali huyu amemeza ya Kenya. Senti za Marekani zilizotengenezwa tangu 1982 ni zinki tupu chini ya ngozi nyembamba ya shaba, asidi ya tumbo ikizila mbwa anaharibika damu.

"Ng'ombe ndiye rahisi," akaendelea. "Yeye tunammezesha sumaku. Inakaa humo maisha yake yote, inanasa misumari na vipande vya waya visimchome moyo."

Kijana wangu, bila kusema neno, akafungua droo akatoa sumaku ninayookotea pini. Daktari aliichukua akaitia mfukoni mwake kabla wazo halijakomaa.

Kilichomtia daktari wasiwasi hasa hakikuwa sarafu. Aliinama, akaokota chini ya cherehani sindano yenye uzi wa kama shubiri mbili, akainyanyua juu ili sote tuione. "Hii, fundi. Hii ndiyo inayonileta usiku." Uzi hunasa chini ya ulimi au mlangoni mwa utumbo, huku sehemu iliyobaki ikiendelea na safari, utumbo unavuta, uzi haulegei, na utumbo unajikusanya kama marinda kwenye lastiki. Mwishowe uzi unaukata. Kwa hiyo ukiuona unaning'inia, iwe mdomoni au upande ule mwingine, usiuvute hata kwa dawa. Wala usimnyweshe maji ya chumvi atapike, kwa sababu sindano iliyoshuka salama inaweza kuchoma ikirudi. Nimeshona marinda nusu ya umri wangu, sikuhitaji kuchorewa.

Tena, akasema akiwa mlangoni, msihangaike na sindano mkasahau gunzi la mahindi na kokwa ya embe. Tumbo la mbwa haliwezi kumeng'enya gunzi, na msimu wa maembe ukifika, nusu ya Ukambani inatupa kokwa barabarani.

Sarafu ilitoka yenyewe. Ilioshwa, ikaoshwa tena, na sasa imo katika mzunguko wa fedha wa kaunti hii. Ukipewa shilingi kumi yenye alama ya jino, pokea tu.

Mafunzo aliyotuachia daktari yalikuwa ya kibiashara. Mbwa akiona unakitaka kitu, anajua kina thamani. Kwa hiyo usimkimbize, nunua. Unaficha kipande cha maini ndani ya ngumi, unamwacha anuse, alambe, abembeleze. Anapokata tamaa na kugeuza kichwa, unamlipa papo hapo, lakini kutoka mkono wa pili. Alichoambiwa aache asikipate kamwe. Ukishamaliza ngumi unahamia sakafuni, na neno liwe moja. Hapo palikuwa na shida, kwani mama mkwe alimwamrisha kwa Kikamba, kijana kwa Kiingereza cha sinema, na mimi kwa Kiswahili, na Simba akawa anatusikiliza sote kwa heshima huku akitafuna. Tukakubaliana: "Wacha." Mama mkwe alitia sahihi kwa shingo upande.

Ikafanya kazi. Nilidondosha kifungo makusudi, nikasema wacha, Simba akakitazama, akanitazama, akaketi. Wateja walipiga makofi. Bei ya maini pale buchari ndiyo iliyopanda kidogo, au mimi ndiye niliyeanza kuiangalia.

Tatizo la kumfunza mtu biashara ni kwamba anaielewa. Simba aligundua kuwa kitu kikiachwa kinalipwa, akaanza kwenda kutafuta vya kuacha. Alileta kizibo cha soda. Alileta mwiko wa mama wa chapati, akauweka miguuni pangu, akaketi akingoja malipo. Nilimpigia daktari, akaniambia nisimlipe mbwa kwa kitu alichokifuata mwenyewe, nimlipe kwa kile nilichomkataza tu. Nikamuuliza nitatofautishaje. "Fundi," akasema, "wewe huwajui wateja wako?"

Nikafunga mkono. Simba alizunguka siku mbili tatu na kiatu kimoja cha mteja wa fundi viatu, jirani yangu, akakosa mnunuzi. Jirani alikuja kukidai, akiwa na kipande cha mutura mkononi, chakula chake cha saa nne. Simba aliangalia mutura, akaangalia kiatu, akakiacha bila kuambiwa. Tangu hapo amehamishia soko upande wa pili wa ukuta. Jana asubuhi alipeleka huko mkono wa kushoto wa koti la bwana harusi ambalo bado nalikusanya. Jirani ameniambia nikiutaka niende na bei yangu, na harusi ni Jumamosi.