Fimbo ya Ajabu na Shimo la Shaba

Mpwa wangu yuko chuoni, ada nalipa mimi. Mwaka huu anaandika memware, yaani tasnifu. Nilidhani atachagua kobalti, maana hapa Kolwezi hata mbuzi ana maoni yake juu ya kobalti. Wapi! Anaandika juu ya wasichana wa katuni za Kijapani: mtoto wa shule anazungusha fimbo, anageuka shujaa mwenye sketi fupi, anaokoa dunia, kisha anawahi kipindi cha hesabu.

"Mjomba, ni utafiti mzito," ananiambia, huku akimaliza mega zangu za intaneti.

Nilitaka kubisha, lakini wataalamu wapo kweli. Kumiko Saito aliandika mwaka 2014, katika jarida la The Journal of Asian Studies, kwamba katuni hizi zimepita mawimbi matatu tangu miaka ya 1960. Sally, mchawi mdogo, alianza kuonekana kwenye televisheni mwaka 1966. Akko na kioo chake cha kujipodolea akafuata 1969, Sailor Moon 1992. Kwa Saito, usichana huo wenye miujiza umewekwa kinyume na utu uzima, ambako sufuria na ufagio vinamngoja mwanamke. Halafu fimbo zenyewe zinauzwa dukani, na kampuni ya Bandai. Mtoto anaona muujiza asubuhi, jioni baba ameshafungua pochi. Wajapani hawa wana akili! Sisi Wakongo tunatoa zaidi ya nusu ya kobalti ya dunia, na kwangu umeme umekatika tangu jana.

Nikamshauri atafiti Mamba Muntu, yule mwanamke nusu samaki ambaye mchoro wake tuliutundika sebuleni zamani. Johannes Fabian na Ilona Szombati-Fodor waliandika juu ya michoro ya aina hiyo mwaka 1976, wakati Katanga ikiitwa Shaba.

"Huyo si msichana, mjomba. Huyo ni mkopeshaji: anakupa utajiri, kisha anadai."

Nikanyamaza. Yeyote anayejua masharti ya Mamba Muntu angenyamaza.

Dada yangu, mama yake huyo mwanafunzi, alikuwa anachambua sombe. Miaka mingi ameosha mawe ya madini mtoni, mgongo umeinama, malipo kiduchu. Shimoni hakuruhusiwa hata kuchungulia, kwa kuwa wachimbaji wengi wanasema mwanamke akikaribia, madini yanakimbia.

"Hao wa Japani wanahitaji fimbo," akasema. "Mimi nakimbiza shaba kwa kupita tu."

Mpwa akaandika haraka haraka. Nadhani hiyo ndiyo sura ya kwanza yenye maana tangu nianze kulipa.

Sasa nyinyi wachimbaji, ndugu zangu, kama mnaamini hayo kwa dhati, acheni kuwafukuza hawa mama. Walipeni dola wakapite kwenye shimo la jirani. Dada yangu yuko tayari, na bei inazungumzika.