Namna ya Kufaidi Kipupwe cha Mutuka Bila Kuomba Kibali

Mwongozo huu ni wa yule mkazi wa kata ya Mutuka, hapa Babati, ambaye kila Oktoba hutazama picha za majani mekundu ya Ulaya kwenye simu, kila Desemba hutazama za theluji, halafu Juni inabisha hodi mlangoni kwake na yeye hana habari. Anaamini majira ni mali ya wenzetu. Sisi tumegawiwa mvua na jua tu, zamu kwa zamu, kama mgao wa umeme. Tutamrekebisha polepole, maana ukimharakisha atakwambia yuko bize.

Tuanze na vifaa. Unahitaji koti moja la mtumba, na ulinunue Februari, wakati jasho linakutiririka na muuzaji anakuona umechanganyikiwa. Ukisubiri Julai umekwisha. Muuza mitumba ana kipimajoto chake, na kipimajoto hicho kinasoma kwa shilingi. Koti bora ni lile lililoshonwa kwa ajili ya Toronto, lenye manyoya kwenye kofia na mifuko ambayo hutajua kazi yake mpaka kufa. Utalivaa saa kumi na mbili asubuhi. Saa tatu utafungua zipu, saa tano utalitupia begani, na saa nane utalisahau kijiweni. Dereva wa bodaboda hulivaa kinyume, zipu mgongoni, na huyo ndiye mtaalamu pekee wa upepo tunayemwamini hapa.

Ukishapata koti, jifunze kulalamika. Usidharau hatua hii. Hakuna anayefaidi baridi kabla hajailalamikia mbele ya watu. Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania hutoa mwelekeo wa kipupwe, wa miezi ya Juni hadi Agosti. Usome, si ili ujue kesho itakuwaje, bali upate la kusema kwenye kahawa. Mazungumzo yenyewe ni mafupi.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Umeionaje ya leo?"

"Ya leo si mchezo, mzee."

"Na bado."

Hakuna anayeuliza ya leo ni nini. Hapo utapewa kikombe na kipande cha kashata, na utakaa. Jihadhari tu na mtu mmoja ambaye hakosi kwenye kijiwe chochote nchini, yule aliyewahi kufanya kazi Makete. Atakusikiliza mpaka umalize, kisha atasema kwamba kule majani huamka meupe kwa barafu, na kwamba hii yenu ni kiyoyozi. Mjibu kwamba Babati iko zaidi ya mita 1,300 juu ya usawa wa bahari. Hoja hiyo haitamshinda, lakini utakuwa umeitetea kata.

Wageni kutoka Dar es Salaam ni starehe nyingine, tena ya bure. Tangu barabara ya lami ya Dodoma hadi Babati, kilomita 251, ilipozinduliwa mwaka 2018, wanatufikia kirahisi zaidi, na mwezi wa Julai wengine bado wanashuka stendi usiku wamevaa fulana za mpira. Usiwacheke. Wape pole, waonyeshe ulikonunua koti lako, na usiwaambie ulinunua lini.

Sasa twende shambani, maana kipupwe huanzia huko kabla hakijafika kijiweni.

Tuko takribani digrii nne kusini mwa Ikweta. Ukilinganisha siku ndefu ya Desemba na siku fupi ya Juni, mwanga unaopotea ni kama nusu saa tu. Nusu saa yako ya mchana imechukuliwa, hukuandika barua, hukumweleza mwenyekiti wa mtaa, hata hukugundua. Mbaazi imegundua. Zile mbaazi zetu za muda mrefu, tunazopanda pamoja na mahindi mvua zinapoanza, hukaa miezi zikiota majani chini ya mahindi bila kuonyesha nia yoyote. Jua likiwaka kwa saa nyingi, hazina haraka. Siku zikianza kufupika na usiku ukipoa, ndipo zinachanua. Wataalamu wa zao hili wanalijua vizuri: aina hizo ukizipeleka bondeni kwenye joto kali, zitakupa majani tele na maua yatachelewa. Zinadai vyote viwili, siku fupi na ubaridi. Kwa hiyo pana mmea Mutuka unaotambua nusu saa iliyokupita wewe mwenye saa ya mkononi, kalenda ya ukutani na simu inayokukumbusha siku za kuzaliwa za watu usiowapenda.

Utaratibu wa kuziona ni huu. Mwishoni mwa Mei, mahindi yakishaanza kukauka na kuinamisha vichwa, simama ukingoni mwa shamba asubuhi, jua likiwa bado upande. Tazama chini ya mabua. Utaona maua ya njano, mengine yana michirizi myekundu mgongoni, na nyuki wamekwisha kufika bila mwongozo. Baki hapo hapo ukingoni. Ukiingia ndani mwenye shamba atakudhania mwizi. Ukipiga picha atakudhania afisa ugani, na hilo ni baya zaidi, maana atakuuliza habari za mbolea ya ruzuku na hutatoka kabla ya adhuhuri.

Mavuno ya mahindi yenyewe yana raha zilizofichwa ndani ya kazi, na siri ni kufika kazi ikiwa imekaribia kuisha. Yakishapukuchuliwa na kuanikwa kwenye turubai, subiri saa nane mchana. Piga magoti. Zamisha mikono yote miwili ndani ya punje mpaka kwenye viwiko. Juu patakuwa moto wa jua, chini kidogo uvuguvugu, na chini kabisa baridi ya asubuhi itakuwa bado imelala pale. Najua ipo njia ya staha zaidi ya kufurahia Julai, sijaiona. Mtu akikukuta, jifanye unapima unyevu. Toa punje moja, ing'ate. Ikilia vizuri, kunja uso na useme, "Bado kidogo." Wote hufanya hivyo, na hakuna aliyewahi kuulizwa maswali.

Ukisikia pikipiki ikisimama nje na mtu anasifia watoto wako, huyo ni mnunuzi wa mahindi, na starehe imekatika. Ana magunia yake, ana sindano yake ndefu ya kushonea, na gunia lake likishajaa ndipo linaanza kujazwa. Serikali imepiga marufuku ujazo huo wa lumbesa mara nyingi kiasi kwamba marufuku hiyo nayo imekuwa dalili ya msimu.

Jioni ni ya magunzi. Yanawaka haraka, yanatoa moshi mwingi, na sweta lako litanuka moshi huo mpaka Septemba. Weka makande ya mahindi mapya mapema, kwa sababu makande hayajawahi kumheshimu mtu mwenye njaa. Chai iwe ya maziwa, tangawizi itwangwe kwenye kinu, isiwe ya pakiti. Jambo moja nje ya kejeli: jiko la mkaa usilale nalo chumbani, hata kama baridi inauma na makaa yamebaki machache. Hewa yake haina harufu na haimwamshi mtu. Litoe nje, ongeza blanketi.

Ile chai ya jioni itakuamsha saa kumi na moja alfajiri uende chooni. Wengi huhesabu hili kuwa adhabu. Ukirudi, usikimbilie kitanda, simama kidogo utazame mashariki. Kilimia, kile kikundi cha nyota ndogo kilichozama magharibi na jua mwezi Mei, kuanzia katikati ya Juni huanza kuchungulia upande wa pili kabla ya mapambazuko. Wahenga wa pwani walikuwa wakisema kikizama kwa mvua huzuka kwa jua. Huku kwetu kinatimiza ahadi hiyo vizuri: kimeondoka na manyunyu ya mwisho ya masika, kimerudi mbingu ikiwa safi na nyasi zimeanza kukauka. Kilimia hakikawii, tofauti na fundi aliyekuahidi mlango. Kama huoni kitu, ama kuna mawingu, ama umetazama upande wa jirani mwenye taa ya sola.

Mlima Kwaraa hauhitaji maelezo mengi. Asubuhi nyingi za kipupwe haupo. Ukungu ukiamua, unarudishwa. Ziwa Babati nalo hufuka mvuke alfajiri, kwa sababu maji yametunza joto ambalo hewa imekwisha kulipoteza, na wavuvi wa perege hupita ndani ya mvuke huo wakizungumza na watu wasioonekana. Pendezwa ukiwa mbali. Viboko wa ziwa hilo nao wanafaidi msimu, na hawajawahi kutaka mshirika.

Kuna mambo madogo nayapitia tu. Mbu watapungua, usiwashangilie, neti ibaki palepale. Midomo itapasuka na ngozi itapauka, hivyo paka mafuta mpaka mkono uteleze kwenye kitasa. Magaga ya miguuni hayana tiba ya heshima, vaa soksi. Anayekwambia kunywa maji mengi ana choo cha ndani.

Tumebakiza mbaazi mbichi, na kwa maoni yangu kipupwe chote kilitengenezwa ili tuzifikie hizo. Mahindi yakishatoka shambani, mbaazi hubaki zenyewe, zinapata jua lote, na maganda yanajaa. Kabla hayajakauka kwa ajili ya soko kuna muda mfupi ambao punje ni kijani, laini, na tamu kidogo. Zichemshe na chumvi, au zitie kwenye makande badala ya maharage, ukae jua la saa nne mgongo ukiwa ukutani, ule taratibu bila kuongea siasa.

Ila haziombwi. Nenda kwa mwenye shamba, msabahi, uliza hali ya mifugo, lalamikia baridi kidogo, kisha sifia mbaazi zake ukitazama pembeni. Nyamaza. Hapo utajua pia hali ya biashara bila kusikiliza redio, maana mbaazi zetu nyingi huliwa India, na mwaka 2017 India ilipobana uagizaji bei huku iliporomoka, watu wakabaki na magunia ndani. Akikuchumia konzi moja na kuzitazama kwa huruma zinavyoingia mfukoni mwako, bei ni nzuri. Akikwambia, "Lete debe, ndugu yangu, na shemeji naye aje na lake," mpe pole.